Sharubati ya ndimu: Itengenezwe vipi nyumbani isigeuke kileo



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya leo tutazungumzia sharubati ya ndimu na matunda ya jamii yake, yaani limau, chungwa, chenza, danzi na balungi. Ni kinywaji kinachopendwa sana majumbani mwetu, hasa katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, siku za Idd na wakati wa shughuli. Wengi wanajua kukamua ndimu, kutia sukari na kuchanganya na maji. Wachache wanajua kutengeneza ile sharubati nzito inayokaa kwenye chupa, ambayo mama wa nyumbani huchota vijiko viwili akampa mgeni kinywaji safi kwa dakika moja, au akaimwagia juu ya kaimati.

Hapa kuna swali ambalo kina mama huulizana: "Sharubati yangu nimeiweka wiki mbili, sasa nikifungua chupa inalia pwaa na kutoa povu. Je, niichemshe tena niitumie?" Jibu ni hapana, imwagwe. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi. Muislamu anatakiwa ajue kitu gani kimetokea ndani ya chupa ile, na namna gani ya kuitengeneza tangu mwanzo ili kisitokee.

KITU GANI KINATOKEA NDANI YA CHUPA

Juu ya ngozi ya kila tunda, hewani, mikononi mwetu na kwenye vyombo kuna vijidudu vya jamii ya hamira. Ni ndugu wa hamira hiyo hiyo tunayotia kwenye unga wa maandazi. Vijidudu hivi vikipata maji, sukari na joto, vinakula sukari na kutoa vitu viwili: hewa ya kabonidayoksaidi na alkoholi. Hewa ndiyo inayoleta povu na kufanya kizibo kiruke. Alkoholi haionekani kwa macho, lakini imo. Kwa hiyo chupa inayolia ikifunguliwa haina tofauti na mtungi wa mnazi ulioachwa kutwa juani. Tofauti ni kiasi tu na muda.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika zama za Mtume Muhammad (S.A.W.) watu walikuwa wakiloweka tende au zabibu kavu katika maji mpaka maji yawe matamu, na kinywaji hicho kiliitwa nabidhi. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba iliyolowekwa asubuhi aliinywa Mtume (S.A.W.) jioni, na iliyolowekwa usiku aliinywa asubuhi. Na katika mapokezi ya Ibn Abbas (R.A.) humo humo, muda wa mwisho uliotajwa ni jioni ya siku ya tatu, kinachobaki baada ya hapo hakukinywa, hupewa wengine au humwagwa. Tazama uangalifu huo. Hakukuwa na kipimo cha maabara, lakini kulikuwa na mpaka wa muda, kwa sababu maji matamu katika nchi ya joto hayasubiri. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja nazo ni nchi za joto.

Tunajua pia mafundisho yaliyo mashuhuri, kwamba kinacholewesha kikinywewa kingi, basi hata kidogo chake ni haramu. Hatusemi kwamba kila tone la juisi iliyokaa saa mbili mezani ni pombe, na hatutaki kuwatia watu wasiwasi usio na msingi. Tunasema kwamba kinywaji kilichokwishaanza kutoa povu chenyewe, bila kutikiswa, kimeanza safari ambayo Muislamu hana haja ya kuifuata mpaka mwisho wake.

SUKARI NA UKALI WA NDIMU NDIO WALINZI

Sasa kwa nini juisi ichachuke na asali isichachuke, na hali zote ni tamu? Siri ipo katika wingi wa sukari. Sukari ikiwa nyingi sana inayavuta maji yote iliyochanganyika nayo, hata kijidudu kikiingia hakipati maji ya kutumia. Kinanyauka kama mboga iliyotiwa chumvi. Sukari ikiwa kidogo, badala ya kuwa mlinzi inakuwa chakula cha vijidudu hivyo hivyo. Mama anayesema "napunguza sukari kwenye sharubati ya kuweka ili iwe ya afya" amefanya kinyume cha alichokusudia. Sukari ipunguzwe kwenye glasi, kwa kuchota kidogo, siyo kwenye chupa.

Mlinzi wa pili ni ukali wa ndimu wenyewe. Ukali ule unazuia bakteria wengi wanaoleta maradhi, ingawa hamira na ukungu vinaustahimili. Na mlinzi wa tatu ni moto pamoja na usafi wa chupa. Walinzi hawa watatu wanafanya kazi pamoja. Akikosekana mmoja, wawili waliobaki hawatoshi kwa muda mrefu.

Neno lenyewe sharubati tumelipata kutoka Kiarabu, katika asili ya neno la kunywa, na Wazungu nao wakachukua majina yao ya vinywaji vya sukari kutoka asili hiyo hiyo. Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu walizitumia sharubati kama dawa karne nyingi zilizopita. Ibn Jumay', tabibu wa Misri aliyemtumikia Sultani Salahuddin katika karne ya 12, aliandika risala nzima kuhusu limau, kinywaji chake na matumizi yake. Kwa upande mwingine, mabaharia wa Uingereza walikuwa wakipewa maji ya ndimu na malimau ili wasipatwe na kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini C. Ili maji yale yasiharibike safarini walikuwa wakiyachanganya na pombe kali. Mwaka 1867 ndipo mfanyabiashara wa Scotland, Lauchlan Rose, alipopata hataza ya kuyahifadhi maji ya matunda hayo bila ya pombe, na sharubati yake ya ndimu yenye sukari ikaenea duniani. Kumbe hata wao waliona kuwa njia isiyo ya pombe inawezekana.

KUCHAGUA NA KUOSHA

Chagua ndimu zilizoiva, zenye ngozi nyembamba na laini, nzito mkononi. Zilizoanza kugeuka manjano zina maji mengi kuliko zile za kijani kibichi zilizo ngumu kama mawe. Ndimu yenye doa laini, iliyopasuka au yenye ukungu kwenye kikonyo usiitie, hata kama sehemu nyingine inaonekana nzuri. Sokoni wauzaji huweka fungu la bei rahisi lenye kuoza kidogo. Hilo lafaa kuoshea samaki siku hiyo hiyo, siyo kutengenezea kitu cha kukaa miezi.

Ndimu zioshwe kabla ya kukatwa, moja moja, kwa maji safi yanayomiminika kutoka kwenye kata au bomba, zikisuguliwa kwa mikono au brashi safi. Kumbuka kisu kinapopita kwenye ngozi chafu kinaingiza uchafu ndani. Kisha zianikwe kwenye kitambaa safi zikauke. Mikono ioshwe kwa sabuni, na pete zivuliwe.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, yanaweza kuunguza na kuleta malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Wako kina mama waliodhani wamepatwa na maradhi ya ngozi au wamefanyiwa ubaya, kumbe walikamua ndimu uani saa sita mchana. Kamulieni kivulini, na ukimaliza osha mikono na vigasha kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Watoto wasichezee maganda juani.

VIPIMO NA MAPISHI

Vipimo vyetu ni rahisi kukumbuka: sukari kilo 1, maji safi robo lita, na maji ya ndimu yaliyochujwa robo lita. Yaani uzito wa sukari ni mara mbili ya uzito wa vimiminika vyote. Robo lita ya maji ya ndimu hupatikana kwa ndimu kama 15 mpaka 20, kulingana na ukubwa wake. Utapata sharubati zaidi kidogo ya lita moja.

Kwanza vingirisha kila ndimu juu ya meza kwa kiganja huku ukiigandamiza. Hii inalainisha nyama yake na kutoa maji mengi. Ukitaka harufu nzuri, kwaruza ngozi ya juu ya ndimu tano au sita kwa kikwaruzio chenye matundu madogo, uchukue ile rangi tu, bila kufika kwenye nyama nyeupe. Nyama ile nyeupe ndiyo inayoleta uchungu. Fikicha ngozi hiyo iliyokwaruzwa pamoja na sukari kwa vidole safi mpaka sukari ilowe mafuta ya ngozi na kunukia. Hii ndiyo ladha halisi ya ndimu, na inashinda ladha yoyote ya chupa.

Kisha kata na ukamue, usikamue kwa nguvu mpaka ganda ligeuke ndani nje. Chuja kwa chujio au kitambaa cheupe safi. Maji ya ndimu yasikae. Yakikaa saa kadhaa huanza kuwa machungu. Kwa hiyo bandika sukari na maji jikoni kwanza, ndipo umalizie kukamua.

Weka sukari na robo lita ya maji kwenye sufuria, moto wa wastani, ukikoroga kwa mwiko mpaka punje zote ziyeyuke. Punje zilizogandia pembeni mwa sufuria zifute kwa mwiko uliochovywa kwenye maji ya moto. Mwanzoni utaona sukari ni nyingi na maji hayatoshi. Usiogope wala usiongeze maji, itayeyuka ikipata joto. Ikichemka, iache ichemke dakika mbili tatu, ondoa povu la juu, epua.

Sasa, sufuria ikiwa chini, mimina maji ya ndimu na ukoroge. Shira iliyotoka kuchemka ina joto kubwa kuliko maji ya kuchemka, kwa hiyo mchanganyiko wote unabaki na joto la kutosha kuua hamira. Rejesha kwenye moto mdogo kwa dakika moja tu, mpaka uone vipovu vidogo vinaanza pembeni. Usiiache itokote. Moto mrefu unaharibu vitamini C na kuifanya ladha iwe kama ya ndimu iliyopikwa mchuzini. Tusijidanganye lakini: hata tukifanya hivi sehemu ya vitamini inapotea, na anayetaka vitamini C ale chungwa lenyewe.

Kuhusu sufuria, hizi zetu za alumini hazifai kwa kazi hii, kwa sababu ukali wa ndimu unakula madini yake na kuyaingiza kwenye chakula. Ndiyo maana sufuria iliyopikiwa ndimu hutoka ikiwa inang'aa upande wa ndani. Vyombo vya shaba visivyopakwa bati ni vibaya zaidi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Kama huna, pika sukari na maji katika sufuria ya alumini, kisha mimina shira ikiwa bado inachemka kwenye bakuli la kioo nene au la udongo lililopashwa kwa maji ya moto, na uchanganyie ndimu humo. Angalia watoto wasiwepo karibu. Shira ya moto ikimwagikia ngozi inaganda na kuendelea kuunguza, nayo ni hatari kuliko maji ya moto.

CHUPA NA KIZIBO

Sharubati nyingi huharibikia hapa. Mtu amepika vizuri, kisha akatia kwenye chupa ya maji ya plastiki aliyoisuuza kwa maji ya bomba.

Tumia chupa za kioo. Za jemu, za asali na za sosi ya nyanya zafaa sana, mradi kizibo chake kiwe kizima na kisiwe na kutu wala harufu. Zioshe kwa sabuni, zisuuze, kisha zipange ndani ya sufuria yenye kitambaa chini, zifunike kwa maji, zichemshe kwa dakika 10. Vizibo viingie maji ya kuchemka dakika za mwisho. Zitoe kwa koleo au uma safi, zipindue juu ya kitambaa safi zikauke. Tone la maji likibaki ndani linapunguza nguvu ya sukari, na huko ndiko hamira huanzia.

Chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu, mafuta ya taa au dawa ya choo isitumike kwa chakula kabisa, hata ukiiosha mara 100. Na chupa za pombe? Ipo Hadithi ya Abu Tha'laba (R.A.) katika Bukhari na Muslim kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, kwamba wasipopata vingine wavioshe na wavitumie, na wanazuoni wameieleza. Lakini chupa za jemu zimejaa kila mtaa. Kwa nini mgeni aone mezani kwako chupa ya umbo analolijua, akabaki na shaka moyoni na kinywa kikimkauka?

Jaza sharubati ingali ya moto mpaka karibu na shingo, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kilichochemshwa, funga, kisha laza au pindua chupa kwa dakika tatu ili sharubati ya moto iguse kizibo. Ukiifunga nusu, mvuke unaganda juu na kudondoka kama umande, na pale juu sukari inakuwa nyepesi. Utaona ukungu unaanzia juu kila mara, siyo chini. Sababu ni hiyo. Kwa hiyo ni bora chupa ndogo nne kuliko kubwa moja, maana ukiifungua ndogo unaimaliza.

Andika tarehe kwenye karatasi na ubandike. Chupa isiyofunguliwa ikiwekwa mahali penye ubaridi na giza hukaa miezi miwili bila tatizo. Ikishafunguliwa iwekwe kwenye friji na itumike ndani ya mwezi. Nyumba isiyo na friji itumie chupa iliyofunguliwa ndani ya wiki moja. Ikionekana punje za sukari chini ya chupa siyo kuharibika. Iweke kwenye maji ya moto zitayeyuka.

Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu na kisiwe kimetoka mdomoni. Mtu kuinywea chupani ni kosa la kiafya na la adabu pia, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kunywa kwenye mdomo wa kiriba, na kupumulia ndani ya chombo. Akaamrisha pia vyombo vifunikwe na viriba vifungwe usiku. Mwenye sharubati ataiona hekima ya kufunika asubuhi tu, akikuta sisimizi.

MACHUNGWA, MADANZI NA MABALUNGI

Machungwa ya Muheza yanapojaa sokoni na bei ikashuka, wengi hutaka kuyafanyia sharubati. Inafaa, lakini chungwa halina ukali wa kutosha. Katika robo lita ya kimiminika cha tunda, tia sehemu mbili za maji ya chungwa na sehemu moja ya ndimu. Vivyo hivyo kwa chenza. Danzi lina ukali wake na harufu nzuri mno, kwa maoni yetu linashinda yote kwa sharubati, ingawa siku hizi watu wanaliacha lianguke chini ya mti. Anayekosa ndimu anaweza kutumia ndimu ya unga inayouzwa madukani, kijiko kimoja cha chai kwa vipimo vyetu vya chungwa.

Balungi linahitaji tahadhari. Lina kitu kinachozuia mwili kuzivunja baadhi ya dawa, hivyo dawa inazidi katika damu. Miongoni mwake zimo baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipini na felodipini, na baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu kama simvastatini. Wazee wetu wengi wanatumia dawa hizi. Katika nyumba yenye mzee anayetumia dawa kila siku, sharubati ya balungi isiwekwe mpaka daktari au mfamasia aulizwe. Danzi nalo liulizwe vivyo hivyo.

KWENYE VITAMU

Kwa kaimati, visheti na basbusa, sharubati yetu hutumika kama ilivyo au huchanganywa nusu kwa nusu na shira ya kawaida. Wapishi wa pwani tangu zamani hukamulia ndimu kidogo ndani ya shira ya kaimati. Siyo kwa ladha tu. Ukali wa ndimu ukikutana na moto huivunja sukari katika aina mbili ndogo zisizoganda kwa urahisi, ndiyo maana shira yenye ndimu inabaki inang'aa na isiyo na ndimu inageuka mchanga mweupe juu ya kaimati kesho yake. Kaimati ziwe za moto na shira iwe vuguvugu. Vyote vikiwa vya moto zinalowa na kuwa rojorojo.

Sharubati ya chungwa juu ya tambi, juu ya saladi ya matunda, au kijiko kimoja kwenye mtindi baridi, ni chakula cha kumalizia futari kisichohitaji kazi. Iliki na zafarani zinakubaliana nayo. Kuhusu vanila na ladha nyingine za chupa, soma maandishi, kwa kuwa nyingi zimeyeyushwa katika alkoholi. Hukumu yake muulize sheikh wako. Jikoni kwetu ngozi ya ndimu imeshatutosheleza.

KWENYE GLASI

Vijiko viwili vya mezani katika glasi ya maji vinatosha. Lakini ujue unakunywa nini: vijiko hivyo viwili vina sukari ya gramu 27 hivi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 limeshauri sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikipungua chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Glasi moja basi imeshafika mpaka wa pili. Mtu anayekunywa glasi tatu wakati wa futari, akala na kaimati, ajihesabie mwenyewe, na katika Surat al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu mahali pamoja. Mwenye kisukari sharubati hii si yake. Mkamulie ndimu kwenye maji bila sukari. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia asiinywe tumbo likiwa tupu, na wakati wa kufuturu tumbo huwa tupu, kwa hiyo aanze na tende na maji. Watoto wasinyonye sharubati kidogo kidogo kutwa nzima, kwani sukari pamoja na ukali vinakula meno. Baada ya kunywa wasukutue kwa maji.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi, anatoshwa na maziwa ya mama. Na wale wanaobadilisha sukari kwa asali wajue asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa namna yoyote.

Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa au kutibiwa, na barafu itokane na maji hayo hayo. Msiamini kwamba ndimu inaua kila kijidudu. Maji machafu yenye ndimu bado ni maji machafu, na kipindupindu kimeingia nyumba nyingi kwa njia ya jagi la juisi lenye barafu ya kununua. Na mtoto akiharisha usimpe sharubati ukidhani unamrudishia maji. Sukari yake nyingi inavuta maji kuingia utumbo na kuzidisha kuharisha. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, au kama hakuna, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku ukimpeleka hospitali.

Sharubati iliyokwishachanganywa na maji haina tena ulinzi wa sukari. Hesabu zake ni za juisi: inywewe siku hiyo, na ikibaki ikae friji mpaka kesho tu. Jagi la futari lililosahauliwa mezani mpaka daku halirudishwi kwenye chupa.

CHUPA ILIYOBADILIKA

Dalili ni hizi. Kizibo kimevimba au kinalia kikifunguliwa. Vipovu vinapanda kutoka chini bila kutikisa. Harufu imekuwa ya hamira au ya mnazi. Kuna utando mweupe au nyuzi juu. Sharubati iliyokuwa angavu imekuwa na ukungu ndani na ladha inachoma ulimi. Dalili moja yatosha. Usionje ili kuhakikisha.

Kuichemsha upya hakusaidii. Moto unafukuza sehemu ya alkoholi lakini siyo yote, na sumu za baadhi ya ukungu hazikimbii moto. Kuondoa utando wa juu kwa kijiko na kutumia kilichobaki ni vivyo hivyo, mizizi ya ukungu huenda chini ya pale unapoona. Wengine husema basi tuigeuze siki. Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Anas (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu kuigeuza khamri kuwa siki, akakataza. Mwenye kutaka kujua ufafanuzi wa wanazuoni katika hilo awaendee masheikh. Sisi tunasema kwa upande wa jikoni: fungua chupa taratibu, mdomo wake ukiuelekeza mbali na uso kwa sababu inaweza kuruka, mwaga kwenye karo au shimo, siyo mahali ambapo kuku na watoto watapata. Kisha osha chupa kwa sabuni, na kizibo kitupe. Kizibo kina mpira au karatasi ndani ambayo hamira hujificha, na kikitumika tena chupa inayofuata nayo itatoa povu.